Nukta Iliyotulia

Aikande alinikabidhi tochi, mrija,
na vikombe kumi na viwili vya karatasi vyenye mifuniko ya neti,
kila saa na kikombe chake, magharibi hadi alfajiri.
Kazi yako, akasema, ni m.
Nikacheka. Miaka ishirini na sita nalima majaruba ya Chekereni,
leo nimekuwa herufi.

M ni mbu kwa kila mtu. Akaandika mgongoni mwa fomu.
Na hii a ni kuuma;
akaibebesha kimbili kidogo begani, kama mama na mwanawe.
Mbona mara mbili?
Kwa sababu, akasema, mbu aliyeuma mara moja hana kesi.
Mara ya kwanza huchukua. Ya pili hutoa.
Na katikati sharti aishi siku kumi na ushee,
wengi hawafiki.

Nikamfikiria yule anayefika:
ajuza mwenye mabawa yaliyochanika,
ameponea chandarua, ameponea popo, ameponea dawa ya ukutani,
anakuja na kilo zake za ubaya zisizopimika kwa mizani.
Nusura nimhurumie.

Basi nikawa nakaa barazani, suruali nimeikunja hadi magotini,
maji ya Njoro yakiingia mashambani kwa zamu,
vyura wakigombana kama wajumbe wa kamati ya mfereji.
Anatua. Kabla hajachoma, namfyonza.
Saa tatu: kumi na tisa.
Saa nne: thelathini na mmoja.
Saa saba: wanne, mvua.
Naandika kwa penseli, maana wino hulia ukilowa.

Usiku wa Jumatano sikukaa.
Nakijwa alikuwa anawaka.
Bodaboda hadi Mawenzi, yeye katikati,
mgongo wa dereva mbele, kifua changu nyuma,
meno yake yakigongana begani kwa mtu asiyemjua.
Asubuhi nikarudi, daftari likanitazama.
Nikajaza. Kumi na tano, ishirini na wawili, kumi na wanane,
namba za heshima, namba zilizochana nywele.

Mwezi ukapita. Aikande akaja kutoka Tengeru na karatasi yake:
mstari unapanda na masika, unapinda, unashuka kama mgongo wa ng'ombe,
na usiku wangu ni nukta,
zimetawanyika kama mpunga uliomwagika mlangoni pa mashine.
Hakuna hata moja inayomtii.
Isipokuwa moja. Imekaa juu ya mstari kabisa,
imekunja mikono.

Huyu, akagusa kwa kalamu, ametulia mno.

Kimya. Nje mtu anafukuza kwelea kwa debe.
Nikamwambia.
Nilitegemea ghadhabu, nikategemea posho yangu ikatwe.
Akauliza, Na mtoto?
Yuko shule.
Akaichukua kalamu, akaifuta ile nukta,
akaacha pengo, na chini ya pengo akaandika tarehe.

Ndipo nikauliza nami, hesabu yote hii inatafuta nini.
Inatafuta moja, akasema. Iwe chini ya moja.
Mgonjwa mmoja asizae mgonjwa mzima,
azae nusu, azae robo,
ndipo homa itakapokwisha yenyewe, polepole, kama koroboi iliyokosa mafuta.
Nikaelewa. Nikakataa pia, kidogo, moyoni:
juu ya ile pikipiki hapakuwa na nusu wala robo.
Palikuwa na mmoja.
Sikumwambia. Nadhani anajua; ndiyo maana aliandika tarehe.

Leo chandarua kipya kimefungwa juu ya kitanda cha Nakijwa,
fundo la kusini nimelirudia mara mbili.
Mimi niko barazani, miguu wazi.
Saa nane, kikombe cha tisa:
hakuna.
Nasubiri dakika zote sitini, shingo inaniuma,
kisha nakaza penseli.
Sifuri. Hii nimeikeshea.